Mwanafunzi mgeni chuoni ataongozwa tu, suala ni nani atamfikia kwanza

KILA mwaka malango ya vyuo vikuu yanapofunguliwa kuwapokea wanafunzi wapya, wanaowasubiri wageni hao huwa wengi kuliko wakuu wa vyuo wanavyodhani.

Yupo dalali wa vyumba vya kupanga nje ya chuo. Yupo mwaniaji wa uongozi wa chama cha wanafunzi ambaye tayari anahesabu kura. Yupo mfanyabiashara anayeuza kazi za masomo zilizoandikwa na mtu mwingine. Yupo pia mwanafunzi mkongwe anayemvizia msichana ambaye hata ukumbi wa mihadhara hajui uliko.

Wote hao hujitambulisha kwa maneno yale yale, kwamba wamekuja kumsaidia mgeni.

Ni kwa sababu hii ambapo vyuo vingi duniani, vikiwemo baadhi ya vyuo vya humu nchini, huwategemea wanafunzi wa mwaka wa pili na kuendelea wanaojitolea bila malipo kuwashika mkono wenzao wapya. Wanafunzi hao huitwa waelekezi rika.

Kwa mtu wa nje, kazi yao huonekana kama ya kuonyesha njia ya bwalo la chakula na maktaba. Hata hivyo, mwelekezi anayeifahamu kazi yake anaweza kuwa ndiye anayetenganisha mwanafunzi atakayehitimu na yule atakayerejea nyumbani kimyakimya kabla ya mwaka kwisha.

Maisha bila kengele

Katika shule ya upili, maisha ya mwanafunzi huongozwa na kengele. Kengele humwamsha, humpeleka darasani, humwita chakulani na kumrudisha kwa masomo ya jioni. Akikosa kuonekana, mwalimu wa zamu hugundua siku hiyo hiyo na mzazi hupigiwa simu.

Chuoni hakuna kengele. Mhadhara mmoja unaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na mhadhiri hana namna ya kutambua kwamba kijana fulani hajaonekana kwa wiki tatu. Ratiba hubandikwa ubaoni au kutumwa mtandaoni, kisha kila mmoja hutarajiwa kujitafutia njia.

Chukua mfano wa msichana aliyesomea shule ya kutwa mjini Lodwar, kisha akaitwa kusomea uhandisi jijini Nairobi, zaidi ya kilomita 600 kutoka nyumbani. Huenda ndiye wa kwanza katika ukoo wake kukanyaga chuo kikuu.

Wazazi wake wanaweza kumwombea na kumtafutia nauli. Hawawezi kumweleza tofauti kati ya ofisi ya msajili wa masomo na ile ya mkuu wa masuala ya wanafunzi, kwa kuwa wao wenyewe hawajawahi kusimama mbele ya ofisi hizo.

Idadi ya vijana walio katika hali kama hiyo si ndogo. Katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne (KCSE) wa 2023, watahiniwa 201,133 walipata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kujiunga na masomo ya digrii. Mwaka wa 2024 idadi hiyo ilipanda hadi 246,391.

Wanaowapokea pia wamebadilika. Hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa 1984, Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho kilichokuwa chuo kikuu cha pekee cha umma. Tangu wakati huo vyuo vimeongezeka, na mwaka wa 2013 pekee, Pwani, Kisii, Chuka, Karatina na Eldoret vilikuwa miongoni mwa vilivyopewa hati ya kuwa vyuo vikuu kamili.

Kati ya 1984 na 1990, waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu vya umma walipitia kwanza mafunzo katika Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Liwe lisiwe, kijana wa wakati huo aliingia chuoni akiwa tayari amefahamiana na wenzake kutoka pembe mbalimbali za nchi. Wa leo huweza kushuka kwenye matatu akiwa hamjui hata mtu mmoja.

Tatizo dogo linapokomaa

Ukichunguza yanayomwangusha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, utapata kwamba mara nyingi hayakuanza yakiwa makubwa. Yalikomaa kwa sababu mwenyewe hakujua mlango wa kubisha, au aliubisha siku zikiwa zimepita.

Usajili wa masomo ni mfano mzuri. Mwanafunzi anaweza kuhudhuria mihadhara yote na kufanya mitihani midogo ya katikati ya muhula, kisha akapata mwishoni kwamba jina lake halimo katika orodha ya watahiniwa. Kumbe hakujisajili kwenye mtandao wa chuo tarehe ya mwisho ilipokuwa haijafika. Alama zake hukosekana, na kuzifuatilia huku na kule kunaweza kuchukua miezi.

Fedha nazo ni shida nyingine. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) ilibuniwa 1995, lakini chini ya mfumo wa ufadhili uliozinduliwa 2023, mwanafunzi hutakiwa kutuma maombi ya ufadhili na ya mkopo akieleza hali ya familia yake. Kiasi anachopata hutegemea kundi la mahitaji analowekwa, na kinachosalia hulipwa na familia.

Mfumo huo umezua mjadala mkali na kufikishwa mahakamani. Kwa kijana aliye langoni, la dharura ni kwamba fomu isipojazwa ipasavyo, mtoto wa kibarua anaweza kuwekwa kundi moja na mtoto wa tajiri. Aliyewekwa mahali pasipomfaa huruhusiwa kuomba hali yake iangaliwe upya, ila wapo wasiojua kwamba nafasi hiyo ipo.

Isitoshe, kuna anayegundua katika wiki ya kwanza kwamba kozi aliyopewa si ile anayoitaka. Shirika la kuwateua wanafunzi wa vyuo (KUCCPS), lililobuniwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua nafasi ya bodi ya awali ya JAB, huruhusu uhamisho kwa muda maalumu. Muda huo ukipita, mwanafunzi hubaki akisoma asichokipenda kwa miaka minne.

Tena kuna anayekosa karo akaamua kurejea kijijini bila kumwarifu yeyote. Lau angalielekezwa, angaliandika barua ya kuahirisha masomo, na nafasi yake ingalihifadhiwa hadi arudi. Akitoweka kimya, huenda akahesabiwa kuwa mtoro.

Katika visa hivi vyote, mwelekezi rika hana pesa za kumlipia mwenzake wala mamlaka ya kubadilisha tarehe. Alicho nacho ni kumbukumbu ya mwaka uliopita. Yeye mwenyewe alisimama kwenye foleni ile ile, akarudishwa kwa kukosa nakala ya cheti, akajifunza kwamba ofisi fulani haipokei wageni baada ya chakula cha mchana.

Maprofesa wana elimu nyingi kumshinda. Ila wengi wao walikuwa wageni chuoni miongo kadhaa iliyopita, na foleni walizopanga hazipo tena.

Wazo lilikotoka

Mpango wa kuwaandalia wageni msaada maalumu ulipata umaarufu nchini Marekani. Mwaka wa 1970, maandamano ya wanafunzi yalitikisa Chuo Kikuu cha South Carolina. Uongozi ulianza kujiuliza jinsi ya kujenga uhusiano bora na vijana wake, na mwaka wa 1972 chuo hicho kikaanzisha somo la kuwajuza wanafunzi wa mwaka wa kwanza maisha ya chuo.

Mwaka uliofuata, Deanna Martin wa Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City alibuni mbinu nyingine. Mwanafunzi aliyefaulu katika somo gumu alirudi kuhudhuria mihadhara ya somo lilo hilo, kisha akaongoza vikao vya marudio kwa walio nyuma yake.

Siri ya mbinu hiyo ilikuwa kulitaja somo kuwa ndilo gumu, badala ya kumtaja mwanafunzi kuwa mdhaifu. Hivyo hakuna aliyeona haya kuhudhuria. Mbinu hiyo imeenea katika mataifa mengi, ikiwemo Afrika Kusini.

Mnamo 1975, msomi Vincent Tinto naye alieleza kwamba mwanafunzi huacha chuo anapokosa kujihisi kuwa sehemu ya chuo hicho, kimasomo na kijamii. Kwa maneno mengine, alama nzuri za KCSE pekee hazitoshi kumbakisha mtu mahali ambapo hakuna anayemjua kwa jina.

Humu nchini, njia ya kutumia vijana kuwafikia vijana wenzao ilipata nguvu kutokana na janga la Ukimwi, ambalo serikali ilitangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Waelimishaji rika walianza kuonekana vyuoni wakizungumza na wenzao kuhusu mambo ambayo wazazi na wahadhiri waliyaonea aibu. Shirika la I Choose Life – Africa, lililoanza kazi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni miongoni mwa yaliyotumia njia hiyo.

Ushahidi wa karibuni umetoka katika shule za upili. Utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry uliwahusisha wanafunzi 413 wa Kenya waliokuwa na dalili za sonona na wasiwasi. Baadhi yao waliongozwa katika vikao vinne vya makundi vya mpango uitwao Shamiri.

Walioviongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza shule ya upili na kupewa mafunzo mafupi. Dalili za waliohudhuria vikao hivyo zilipungua zaidi kuliko za wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma.

Funzo ni kwamba kijana asiye mtaalamu anaweza kumfaa kijana mwenzake, mradi apewe mafunzo, mpangilio wa kufuata na msimamizi wa kumrejelea.

Kazi ya mwelekezi

Kazi ya mwelekezi huanza kabla mgeni hajafika. Ujumbe mfupi wa simu wiki moja kabla ya siku ya usajili unaweza kumwokoa mzazi gharama ya safari ya pili. Ujumbe huo humtajia mwanafunzi stakabadhi za kubeba na idadi ya nakala. Aidha, humwonya asimlipe mtu yeyote pesa za chumba ambacho hajakiona kwa macho yake.

Siku ya usajili, mwelekezi huvaa kitambulisho kinachoonekana na kusimama mahali palipotangazwa. Hilo lina maana yake. Mgeni anapoambiwa mapema kwamba waelekezi halali hupatikana mahali fulani na huvaa alama fulani, tapeli wa langoni hupoteza nusu ya nguvu zake.

Ikumbukwe pia kwamba wageni wengi wangali na makovu ya kidato cha kwanza, walipodhulumiwa na wakongwe wa bweni. Mkongwe anayewabebea sanduku bila kudai chochote huwafunza kwamba mambo yanaweza kwenda tofauti.

Kuanzia wiki ya pili, kazi hubadilika. Shamrashamra zimekwisha, wazazi wamerudi nyumbani, na upweke huanza kupiga hodi. Wakati huo mwelekezi hukutana na kundi lake, ambalo ni vyema lisizidi wageni kumi ili aweze kuyakumbuka majina na hali ya kila mmoja.

Mwelekezi mwenye uzoefu hamuulizi mgeni iwapo yuko sawa, kwani jibu la swali hilo hujulikana. Kila kijana wa Kenya atasema yuko sawa hata akiwa amelala njaa. Badala yake huuliza maswali yenye majibu ya kupimika: umejisajili masomo mangapi, unalala wapi, jana jioni ulikula nini, mhadhara wa mwisho kuhudhuria ulikuwa wa siku gani?

Majibu ya maswali hayo husema mengi. Asiyekumbuka mhadhara wa mwisho huenda amekata tamaa. Anayelala kwa rafiki tofauti kila usiku hana pa kukaa. Aliyekula mara moja kwa siku mbili amekwisha pesa, na pengine anaona aibu kukiri.

Wiki ambazo pesa za mkopo huingia huhitaji uangalifu wa aina yake. Kijana ambaye hajawahi kushika Sh5,000 kwa wakati mmoja hujikuta na pesa za matumizi ya miezi kadhaa kwenye simu yake. Kwenye simu iyo hiyo mna michezo ya kamari na mikopo ya haraka yenye riba kali.

Mwelekezi hamhubirii. Huketi naye wakagawanya kiasi hicho kwa idadi ya wiki zilizosalia hadi mwisho wa muhula, wakaona kwa pamoja ni shilingi ngapi kwa siku. Hesabu hiyo ya dakika tano hushinda mawaidha ya saa nzima.

Mitihani midogo inapokaribia, mwelekezi huwaonyesha wageni jinsi ya kutumia maktaba, kutaja vyanzo vya maandishi waliyoyanukuu na kumwendea mhadhiri ofisini bila woga. Hawaandikii kazi zao. Anayemwandikia mwenzake kazi humwingiza katika udanganyifu ambao unaweza kumfukuzisha chuoni.

Mipaka isiyovukwa

Jambo gumu zaidi kwa anayejitolea ni kujua pa kukomea. Huruma isiyo na mipaka imewaponza wengi, wanaosaidia na wanaosaidiwa.

Mwelekezi si benki, na hafai kumkopesha mgeni pesa wala kukopa kwake. Si wakala wa siasa, na hafai kutumia kundi lake kutafuta kura. Hauzi vyumba, vitabu wala simu kwa wale anaowaongoza.

Zaidi ya yote, hana ruhusa ya kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mgeni aliyekabidhiwa. Baadhi ya wanaojiunga na vyuo hawajatimiza miaka 18, na kisheria wangali watoto. Hata aliyetimiza umri huo hayuko katika nafasi ya kukataa kwa urahisi ombi la mtu anayemtegemea kwa kila jambo. Mikutano hufanyika mahali pa wazi, mchana, penye watu.

Kuhusu siri, kanuni ni kwamba anachoambiwa mwelekezi hakisimuliwi bwenini. Kuna vighairi, na mgeni huelezwa vighairi hivyo siku ya kwanza kabla hajafungua moyo. Maisha ya mtu yakiwa hatarini, au kukiwa na dhuluma ya kingono au ya mtoto, mwelekezi hulazimika kumhusisha mshauri nasaha au afisa wa chuo anayehusika.

Hapa ndipo uhai wa mtu unaweza kuning'inia. Mwanafunzi anaposema kwamba hana haja ya kuishi, mwelekezi hachukulii kuwa ni mzaha. Wala hajaribu kuwa daktari. Humsikiliza bila kumkemea, hamwachi peke yake, na huandamana naye hadi kwa mshauri wa chuo au zahanati.

Usiku ambapo ofisi zimefungwa, nambari ya bure ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hutoa ushauri kwa aliye katika dhiki ya kiakili. Waliodhulumiwa kijinsia husaidiwa kupitia nambari ya 1195.

Kwa miaka mingi, hofu ya sheria ilichangia kuwafunga watu midomo, kwa vile kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoharamisha jaribio hilo, kinakiuka Katiba. Mwelekezi anayefahamu uamuzi huo anaweza kumweleza mwenzake kwamba kutafuta msaada si kujipeleka kituoni.

Tendo la kuandamana na mtu hadi mlangoni lina uzito kuliko kumpa anwani ya ofisi. Aliyelemewa na mawazo anaweza kuipoteza karatasi, au akafika mlangoni akageuka. Akiwa na mtu kando yake, huwa vigumu kugeuka.

Anayefaa kujitolea

Vyuo huwa na mwelekeo wa kuwateua walio na alama za juu na ndimi nyepesi. Sifa hizo si mbaya, ila hazitoshi. Mwanafunzi aliyewahi kurudia mtihani, aliyewahi kukosa chumba au aliyewahi kuahirisha masomo kisha akarudi, huenda akawafaa wageni kuliko yule ambaye mambo yalimwendea sawa tangu siku ya kwanza.

Kundi la waelekezi linafaa pia kufanana na wanaoongozwa. Wawemo wasichana na wavulana, waliotoka mijini na mashambani, waliosomea shule za kitaifa na za kutwa. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu ataelezwa vizuri zaidi na mwenzake anayejua jengo lipi lina lifti inayofanya kazi. Kiziwi atahitaji anayeifahamu Lugha ya Ishara ya Kenya.

Kujitolea pekee hakumfanyi mtu kuwa tayari. Mafunzo humwandaa kusikiliza bila kukatiza, kutambua dalili za hatari, kutunza siri na kuzifahamu ofisi zote za chuo pamoja na majukumu yake. Mafunzo hayo hufaa zaidi yanapoigizwa, mmoja akijifanya mgeni aliyepoteza karo yote kwenye kamari, mwingine akijaribu kumsaidia mbele ya wenzake.

Baada ya hapo, waelekezi wenyewe huhitaji msimamizi wa kukutana nao mara kwa mara. Anayesikiliza shida za watu kumi huzibeba kichwani, na asipopata pa kuzitua huishia kuugua au kuhepa kazi.

Kinachomrudia

Wahenga walisema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayejitolea kuelekeza wengine hupata mafunzo ambayo hayamo katika mihadhara mingi: kuongoza kikao, kusuluhisha ugomvi, kuandika ripoti fupi na kuzungumza na maafisa bila kutetemeka.

Kwa anayesomea ualimu, uuguzi au kazi za jamii, huo ni mwanzo wa taaluma yake. Kwa mwingine yeyote, ni jambo la kweli la kueleza mbele ya waajiri, ambao wamechoka kusoma barua za vijana wanaodai kuwa viongozi bila mfano hata mmoja.

Vilevile, anayewaeleza wageni umuhimu wa kujisajili mapema hupata haya kuchelewa mwenyewe.

Hata hivyo, kujitolea kusigeuzwe utumwa. Mwelekezi naye ni mwanafunzi mwenye mitihani na shida zake. Ni haki apangiwe saa zinazojulikana, arejeshewe gharama ya simu na nauli anapotumwa, apewe cheti, na aruhusiwe kujiondoa bila kulaumiwa.

Wajibu wa vyuo

Kuna hatari nyingine ambayo haitajwi sana. Chuo kinachokabiliwa na uhaba wa fedha kinaweza kuwatumia waelekezi rika kama kisingizio cha kutoajiri washauri nasaha wa kutosha. Hilo likitokea, kijana wa miaka 20 hujikuta amebeba mzigo wa mtaalamu, na mwenye maradhi ya akili hukosa tiba.

Mwelekezi huwa na maana tu pale ambapo mlango anaomfikishia mwenzake una mtu ndani. Ikiwa ofisi ya ushauri imefungwa siku tatu kwa wiki, hakuna wema wa mwanafunzi utakaoziba pengo hilo.

Vyuo pia vina jukumu la kuwachunguza wanaojitolea, kuweka njia salama ya mgeni kumshtaki mwelekezi anayemdhulumu, na kuchukua hatua bila kukawia. Vinginevyo, fisi atavalishwa kitambulisho cha mchungaji.

Wazazi nao wana sehemu yao. Badala ya kumpa mwana orodha ya maonyo pekee, wamuulize katika wiki ya kwanza kama chuo chake kina waelekezi rika, na kama amekutana na wake. Mzazi ambaye hajawahi kusoma chuoni anaweza kuuliza swali hilo sawa na profesa.

Kisha, kuna siku ambapo msaada huo hufika kikomo, na inafaa ufike. Lengo ni mgeni ajitegemee kufikia mwisho wa mwaka, azijue ofisi, awe na marafiki wake na ajipangie pesa zake. Mwelekezi anayefurahia kutegemewa daima amelikosa lengo.

Waswahili hunena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msichana wa Lodwar aliyepokewa langoni mwaka huu, akaandamanishwa hadi kwenye ofisi ya mikopo na kufunzwa kugawanya shilingi zake kwa wiki, ndiye anayefaa kusimama pale pale mwaka ujao. Madalali na wenye kuvizia watakuwepo vilevile, na kuna mgeni mwingine atakayeshuka kwenye matatu akiwa hamjui mtu.